Salamu Ndefu za Mama Mwenye Nyumba

Bahasha ilikuwa moja, mikono iliyoishika ilikuwa mitatu. Ndivyo walivyoingia dukani, wamebanana ubavu kwa ubavu katika mlango uliopimwa kwa mtu mmoja mwenye haya, na hata walipokwisha kupenya hakuna aliyekuwa tayari kuachia pembe yake. Mwafaka aliwatazama kutoka nyuma ya meza yake ndogo, akahisi kile kinachompata paka asikiapo kisu kikiparua magamba ya samaki uani.

Hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata kwa sababu ya kazi yake ya kupatanisha vitu visivyoelewana. Watu wenye ndugu ng'ambo hutumiwa diski: harusi ya mpwa, mahafali ya binti, mtoto anayejifunza kutembea juu ya theluji. Diski hufika salama, hupanguswa kwa kitambaa, huingizwa kwenye deki mbele ya ukoo mzima, na deki huandika kwenye kioo kwamba haimtambui mgeni huyo. Wenye viwanda, kwa sababu wanazozijua wao, wameigawa dunia mafungu mafungu, na diski ya fungu la kule hailii kwenye deki ya fungu la huku.

Mwafaka alikuwa na dawa. Aliipata zamani akifagia duka la vifaa vya umeme, kabla hajafukuzwa kwa jambo ambalo mwenyewe huliita kutoelewana. Kila deki ina mlango wa nyuma: unafungua kisahani chake, unabonyeza tarakimu fulani kwenye rimoti, na kuanzia hapo inameza diski ya nchi yoyote bila kuchagua. Kazi yote haizidi chafya. Lakini nani atamlipa mtu kwa chafya? Ndiyo maana Mwafaka alijenga mtambo. Ulikuwa mkebe wa biskuti uliopakwa rangi ya fedha, ndani yake mota ya feni, vitaa vya kumetameta, na nati moja iliyoachwa huru makusudi ili ikigongagonga watu wajue kazi inafanyika. Diski iliingia mkebeni, mkebe ukanguruma, watu wakaukodolea macho, na wakati huo rimoti iliyofichwa ndani ya mkono wa koti ilikuwa ikizungumza na deki yao faraghani.

Kisha, akiwa mlangoni, aliacha wosia: "Msije mkaingiza diski ambayo haijapita kwangu. Inalitoboa jicho la deki, na jicho la deki halina miwani." Kwa hiyo mji ulijaa deki zenye uwezo wa kucheza kila kitu chini ya jua, na wenye deki waliokuwa wakija kulipia diski moja moja. Wizi? Hapana. Mwafaka aliuza woga, na woga ni bidhaa inayouzwa mchana kweupe, hata na wenye leseni.

"Wewe ndiye unayegeuza?" aliuliza mkubwa wa wale watatu, mzee mwenye kofia na fimbo asiyoihitaji.

"Inategemea kinachogeuzwa, mzee wangu. Shikamoo kwanza."

"Marahaba. Ni hii." Akaivuta bahasha. Wenzake nao wakaivuta. Bahasha ikabaki palepale.

Mwafaka aliwajua wote, maana duka alilopanga kona yake lilikuwa chini ya nyumba ya mama yao. Mzee ni Mjomba, ndugu wa tumbo moja wa mama mwenye nyumba. Mwanamume mwenye suruali ya pasi na kalamu mbili mfukoni ni mtoto wa kwanza. Mama yake alizoea kumwita Kifungua Mimba, na mtaa ukafuata. Mwanamke aliyetanguliwa na manukato ni wa mwisho, Kitinda Mimba. Aliyekuwa kati yao anaishi ng'ambo, na mama alikwenda kwake mwaka jana kutibiwa macho, akaiacha nyumba ya ghorofa moja mikononi mwa hawa watatu, yaani aliiacha kama mtu anavyoacha nyama mbele ya kunguru.

"Mama ametuma," alisema Kifungua Mimba. "Kasema humo ndani ameeleza nani ataishika nyumba. Tuitazame pamoja, Jumapili, sebuleni kwake, na wapangaji wawepo."

Kutoka upande wa pili wa duka, cherehani iliacha kulia. Mwenye duka alikuwa mshonaji mmoja mwembamba, Mama Pindo, aliyepanga pale tangu mumewe yuko hai. Kila mmoja wa hawa watatu alikwisha kumwambia, kwa wakati wake na kwa upole wake, atakachofanya siku akiipata nyumba. Mjomba angeiuza. Kifungua Mimba angewapangisha watu wa benki. Kitinda Mimba angefungua duka la manukato. Katika ramani zote tatu hapakuwa na mahali pa cherehani.

"Kwa nini hakupiga simu?" aliuliza Mama Pindo.

"Kwenye simu," alisema Kitinda Mimba akimtazama kaka yake, "kuna watu wangesikia jina lao hata mama akikohoa."

"Na kuna wengine," alijibu kaka, "wangemkoholea wenyewe."

"Tumeijaribu kwenye deki," Mjomba aliingilia. "Imetukataa."

Mwafaka aliitoa diski kwenye bahasha taratibu. Aliinusa. Akaiinua kwenye mwanga, akaigonga kwa ukucha karibu na sikio, kama mama anayechagua nazi sokoni.

"Hii imetoka mbali."

"Ng'ambo, ndiyo."

"Sisemi ng'ambo. Nasema mbali. Hii ukiigeuza kwa pupa, sauti inatangulia, midomo inafuata. Mama atakuwa anasema hili nyie mnaona lile. Kwenye harusi si neno, watu wanacheza tu. Kwenye mirathi ni kesi."

"Mirathi ya nini? Mama yu hai," alisema Kifungua Mimba.

"Mungu amweke," wakasema wote watatu, mmoja baada ya mwingine, kwa kasi ya watu wanaoombwa mchango.

Akawaambia waiache mpaka Jumapili. Walitazamana. Hakuna aliyemwamini Mwafaka, lakini wao kwa wao waliaminiana kidogo kuliko hapo, na hiyo ndiyo ngazi ambayo matapeli wote hupandia. Wakaiacha.

Walipoondoka, Mwafaka aliiweka kwenye deki yake, akakaa kwenye kigoda kumsikiliza mama mwenye nyumba. Mama alitokea akiwa amevaa sweta nene, amekaa wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Akaanza kusalimia. Alimsalimia kaka yake na magoti yake. Alimsalimia mwanawe wa kwanza, mkewe, watoto wao mmoja mmoja kwa majina na madaraja yao ya shule. Aliuliza kikohozi cha wifi kimeishia wapi. Alisalimia wapangaji, chumba kwa chumba. Mwafaka aliirusha diski mbele kidogo. Mama alikuwa anampa pole jirani kwa msiba wa mwaka juzi. Akairusha tena; mama alikuwa anamuulizia muuza maziwa kama yule ng'ombe alizaa.

Akaizima.

"Huisikilizi?" aliuliza Mama Pindo bila kuinua macho kwenye kitambaa.

"Anasalimia."

"Amefika wapi?"

"Kwa ng'ombe."

"Basi bado mapema. Yule akisalimia, chai inapoa inachemshwa tena. Msikilize mtu mzima mpaka mwisho, baba. Salamu si gharama."

"Nimeona sura, nimesikia sauti, inatosha. Mimi ni fundi, si mkwe."

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa la kutokuwa na subira na mzee anayejulia watu hali. Mtu mwingine yeyote katika mtaa ule, hata mlevi, angekaa mpaka salamu ziishe. Lakini Mwafaka alikuwa amekulia kwenye vibaraza vya watu, akisalimiwa kwa fagio, na hakuwahi kufundishwa kwamba maneno ya wazee huja baada ya magoti na ng'ombe.

Hakuwa na mpango wowote bado. Mpango ulijileta wenyewe kesho yake, ukiwa umevaa suruali ya pasi. Kifungua Mimba aliingia, akatazama nyuma, akakaa.

"Fundi. Wewe unaichukua diski ya kule unaifanya ya hapa."

"Naam."

"Yaani kitu cha nchi nyingine kabisa, mambo yao, mitambo yao, unakigeuza."

"Ndiyo kazi."

"Sasa." Akashusha sauti. "Mtu anayegeuza nchi nzima, jina moja la mtu litamshinda?"

Msomaji, tusimame hapa kidogo. Katika maisha ya tapeli kuna siku nyingi za kuchonga uongo kwa mkono, kuupaka rangi, kuutembeza juani mpaka upate mnunuzi. Na kuna siku moja, kwa aliyebarikiwa, mnunuzi anakuja na uongo wake mwenyewe, ameshaupika, ameshaupakua, anaomba tu uufumbue mdomo akulishe.

"Kitaalamu," alisema Mwafaka polepole, "jina ni dogo kuliko nchi."

"Ndivyo nilivyofikiri. Kwani mama ametaja nani?"

"Hiyo ni siri ya mtambo, kaka. Ila kwa unavyouliza, nimekuonea huruma."

Kifungua Mimba alisogea karibu. "Nina pikipiki. Haina mwaka barabarani."

"Mtambo utaifikiria," alisema Mwafaka.

Kitinda Mimba alikuja siku iliyofuata, na manukato yake yalifika kabla yake kuandaa mahali. Alianza kwa kulia, lakini kwa uangalifu, jicho moja moja, kwa ajili ya wanja.

"Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha mama, fundi. Mimi ndiye niliyemsukia nywele. Sikuombi udanganye. Lakini mama ulimi wake siku hizi unateleza, anaweza kukusudia jina langu akataja la mwingine. Wewe utakuwa umemsaidia tu kusema alichotaka."

"Hiyo tunaita kusafisha sauti."

"Ndiyo. Nisafishie." Akafungua mkoba, akatoa mkufu wa dhahabu uliofungwa kwenye leso.

Mjomba ndiye aliyekuja na heshima kuliko wote. Aligoma kukaa. Alizungumza kwanza juu ya uadilifu, jinsi ulivyopungua, na jinsi vijana wa leo wasivyo na haya mbele ya urithi. Kisha akasema:

"Mimi sitaki jina la mtu libadilishwe. Ni dhambi. Mimi nataka liongezwe. Palipo na jina lolote, langu litangulie. Huko ni kugeuza?"

"Huko ni kupamba, mzee."

"Ndivyo nilivyodhani. Nina runinga kubwa nyumbani. Macho yangu hayaiwezi tena."

Mwafaka angeweza kutosheka. Lakini mbio za sakafuni haziishii katikati ya sakafu. Alimwambia kila mmoja, kwa masikitiko, kwamba kuna mkono mwingine umegusa mtambo na jina lake limeanza kufifia. Kifungua Mimba akaleta friji. Kitinda Mimba akaleta zulia lililoviringishwa, limebebwa na wachukuzi wawili waliokuwa wakitukanana chini yake. Mjomba akaleta kochi, na baada ya siku moja akaleta mito ya kochi, kila mto peke yake, kama anayelipa kwa awamu. Kona ya Mwafaka ilifurika ikamwagikia upande wa Mama Pindo, mpaka mshonaji yule akawa anafikia cherehani yake kwa kukanyaga mkono wa kochi.

"Vitu hivi vyote ni vya nani?" aliuliza.

"Ni vya mtambo, mama."

"Mtambo unakaa vizuri." Alilishika zulia kwa vidole, akaligeuza upande wa chini, akaangalia mshono wa pembeni kama mtu anayemtazama usoni mwanafunzi wake wa zamani. "Vizuri sana. Basi uviache humu, kufuli langu ni zito. Usije ukaibiwa mali ya watu."

"Watu gani?"

"Ya mtambo," alisema, akapitisha uzi kwenye sindano.

Jioni Mwafaka alikaa juu ya kochi, peke yake, mbele ya runinga isiyowashwa. Tumseme kwa haki, maana hatasemwa hivyo tena: hakuitaka nyumba, wala hakuutaka utajiri. Maisha yake yote alikuwa akiingia sebule za watu na mkebe wake, akikaa ukingoni mwa kiti, akiwaonyesha harusi zao, kisha akiaga wakati chai inamiminwa. Alichotaka ni kochi ambalo mtu anaweza kuliegemea mpaka mwisho bila kuulizwa anaondoka saa ngapi. Sasa alikuwa nalo, na zulia la kuweka miguu, na friji ya kufungua bila ruhusa. Alikodi gari dogo la mizigo lije Jumapili asubuhi mapema. Ng'ambo ya mito miwili kulikuwa na mji mwingine uliojaa deki zenye kiburi, na huko hakuna aliyemjua.

Jumapili alifika na dereva kabla ya watu kuamka sawasawa. Duka lilikuwa wazi. Mama Pindo alikuwa ameketi, amevaa gauni lake la kutokea, na dukani hamkuwa na kitu zaidi ya cherehani, mkebe wa biskuti, deki na diski. Hata vumbi la kochi lilikuwa limefagiwa.

"Vitu viko wapi?"

"Juu."

"Juu wapi?"

"Sebuleni kwa mama. Wachukuzi wamevipandisha tangu alfajiri. Pikipiki ndiyo imewasumbua, kwenye kona ya ngazi."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya mwenye navyo."

Mwafaka, ambaye mdomo wake uliwahi kumuuzia mtu rimoti ya redio isiyo na betri wala redio, safari hii aliitegemea miguu. Aligeuka kuelekea mlangoni. Mkono ukatua begani mwake, wenye harufu ya sabuni ya ofisini.

"Fundi, umewahi," alisema Kifungua Mimba, akamkonyeza. "Nimekupenda. Twende juu."

Sebule ya mama mwenye nyumba ilijaa. Wapangaji walikuwa wamekaa kwenye viti walivyokuja navyo, majirani wamesimama ukutani, wengine kwenye ngazi. Katikati ya chumba palikuwa na vitu vimefunikwa mashuka, na kimojawapo kilikuwa na umbo ambalo hakuna samani duniani inalo isipokuwa yenye usukani. Kilichokuwa wazi ni runinga tu.

"Mjomba," alisema Kitinda Mimba, "ile siyo runinga ya mama? Ile uliyosema imeibiwa?"

"Imepatikana," alisema Mjomba.

"Lini?"

"Mwanangu, tumekuja kumsikiliza mama yako au kunisikiliza mimi?"

Mlango ukafungwa. Mwafaka akatazama dirisha, likamtazama na nondo zake. Basi akafanya anachofanya mtu aliyekwama jukwaani: akacheza. Aliweka diski kwenye mkebe aliopanda nao kutoka dukani, mkebe ukanguruma, nati ikagonga, rimoti ikasema na deki kutoka ndani ya koti. Warithi watatu wakamtumia tabasamu tatu za siri, kila moja ikidhani iko peke yake.

Mama akatokea na sweta lake. Akaanza kusalimia.

Mjomba aliposikia magoti yake yakitajwa aliitikia kwa sauti. Wapangaji waliitikia chumba kwa chumba. Jirani aliyepewa pole alifuta chozi. Mwafaka, aliyekuwa amesimama kando ya deki, alisema kwa upole:

"Niirushe mbele kidogo, tufike kwenye jambo?"

Chumba kizima kikamgeukia, kama kwamba amependekeza maiti ateremshwe kabla ya kuombewa.

"Mama anasalimia," alisema Kifungua Mimba.

Ng'ombe akafika, akapita. Muuza maziwa, kule mlangoni, akathibitisha kwamba alizaa. Na kisha mama mwenye nyumba akanyamaza, akapangusa miwani yake mipya, akaivaa, akatazama mbele.

"Sasa, na wewe fundi. Jina lako silijui. Hujaniamkia, lakini marahaba."

Mwafaka aliiamkia runinga kabla hajajizuia.

"Najua upo. Mjukuu wangu huku aliniambia, bibi, diski hii haitacheza kwetu mpaka fundi aishike. Akataka kuitengeneza. Nikamwambia iache hivyohivyo, ndivyo ninavyoitaka. Maana wanangu nawajua. Kaka yangu namjua zaidi. Nilimbeba mgongoni, akaniibia hereni akiwa mgongoni humohumo."

"Uzushi," alisema Mjomba, lakini kwa runinga.

"Nilipoondoka niliacha sebule yenye vitu. Kila nikipiga simu nauliza: kochi? Naambiwa lipo. Zulia? Lipo, mama. Pikipiki ya marehemu baba yenu? Inapumzika. Mkufu wangu? Uko kabatini. Na Mama Pindo ananiambia mtu akipiga chafya sebuleni kwangu sauti inarudi kama ya kisimani. Nikafikiri. Nikiwadai, wataapa. Nikiwashitaki, nitanenepesha mawakili. Nikasema, basi, nitangaze kuigawa nyumba. Mtu akiitaka nyumba ya mama, atamhonga fundi kwa kitu gani? Chake kinamuuma. Atatoa cha mama."

Hata mtoto aliyekuwa akinyonya kwenye ngazi aliacha.

"Mama Pindo," ilisema runinga, "funua."

Mama Pindo aliinuka na gauni lake la kutokea. Alivuta shuka la kwanza: kochi na mito yake yote. La pili: friji. Zulia lilikuwa limetandikwa chini yake, limepigwa brashi. Pikipiki ikang'aa. Mkufu ulikuwa juu ya kiti cha pikipiki, kwenye leso yake. Warithi watatu wakatazama, kwanza kila mmoja alichotoa yeye, kisha polepole, kwa uchungu mkubwa zaidi, walichotoa wengine.

"Wewe ulipeleka friji?" Kitinda Mimba alimgeukia kaka yake.

"Nilipeleka kujazwa gesi. Na mkufu?"

"Kung'arishwa."

"Kwa mgeuza diski?"

"Kelele," alisema Mjomba. "Mama yenu anasema."

"Sasa mnataka kujua nani ataishika nyumba," mama aliendelea. "Mimi. Niliishika tangu msingi, na mikono haijachoka. Ijumaa natua. Mama Pindo, dukani kwako kaa, mpaka mmoja wetu achoke kumwona mwenzake. Na wewe fundi, ahsante. Umenikusanyia vyombo vyangu upesi kuliko polisi, na hukumpiga mtu. Sina cha kukupa, ila cha kuwapa majirani zangu ninacho. Mjukuu ameniambia mambo haya ya kugeuza hayana maana, kila deki inafunguka yenyewe. Chukueni kalamu."

Akazitaja tarakimu. Alizitaja polepole, kama wazee wanavyotaja namba ya simu, akazirudia, akaeleza na kitufe cha kuanzia. Kalamu mbili za Kifungua Mimba ziliporwa mfukoni mwake bila kuombwa. Watu wakaandika viganjani, kwenye kuta za ngazi, mgongoni mwa aliye mbele. Muuza maziwa akaandika kwenye kifuniko cha ndoo. Kisha mama akaaga, na kuaga kwake, kwa wanaomfahamu, hakukuwa kufupi.

Hakuna aliyempiga Mwafaka. Walitamani, mikono ilionekana ikikunjwa na kukunjuliwa, lakini kumpiga kulihitaji kwanza kueleza alichukua nini na kwa ahadi gani, na chumba kilikuwa kimejaa mashahidi wenye kalamu. Mama Pindo alimfungulia mlango.

"Ulijua tangu mwanzo," Mwafaka alimwambia.

"Nilikwambia umsikilize mpaka mwisho," alisema Mama Pindo. "Mwenyewe ukasema wewe si mkwe."

Mwafaka alilitazama kochi mara moja. Tayari wapangaji wawili walikuwa wamelikalia, wameegemea mpaka mwisho, wakijaribisha tarakimu kwenye deki na diski ya harusi ya mtu. Ikacheza. Akauacha mkebe wake pale sakafuni, nati ikiwa bado inatikisika, akateremka. Huko chini dereva alikuwa ameshapata mzigo wa mtu mwingine na kuondoka.

Alikuwa amefika kwenye kona ya ngazi, pale pikipiki ilipokwangua rangi ya ukuta, aliposikia viatu vya ngozi nyuma yake.

"Fundi."

"Kaka."

Kifungua Mimba alitazama juu, akatazama chini, akamsogelea mpaka pumzi zao zikagusana.

"Mama anatua Ijumaa."

"Nimesikia. Nilikuwepo."

"Leo ni Jumapili. Kuna nafasi." Akalamba midomo. "Ile diski. Haiwezi kugeuzwa tena?"

Mwafaka alimtazama mtu huyu. Yeye alikuwa amepoteza kwa asubuhi moja kochi, friji, zulia, pikipiki, dhahabu na riziki yake yote, na bado hapa mbele yake palisimama mtu mwenye elimu, mwenye ofisi, aliyesikia kila neno kwa masikio yake mawili, akiomba kudanganywa upya.

"Watu wote wameshaiona," alisema.

"Wameiona ikiwa ya kule. Labda haikugeuka sawasawa. Wewe mwenyewe ulisema sauti inaweza kutangulia."

"Nilisema."

"Basi."

Mwafaka alikaa kwenye ngazi, akamwonyesha nafasi kando yake. Macho yake yakashuka taratibu, kwa adabu ya kitaalamu, mpaka kwenye kifundo cha mkono wa mwenzake.

"Inategemea, kaka," alisema. "Hiyo saa uliyovaa ni yako, au ni ya marehemu baba?"

Kifungua Mimba akavuta mkono wa shati, akaifunika.